Hilux mpya kutoka Durban hadi Tukuyu: kwanza amueni kama gari ni mzigo au ni chombo cha msafiri

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tukuyu na mke wangu. Tumeweka akiba ya kununua Hilux mpya kabisa ya kubebea parachichi na viazi, na kutusaidia na sisi wenyewe. Kijana wetu aliyeko Marekani anasema huko watu huenda Ulaya kuchukua gari jipya, hutembea nalo wiki mbili, kisha linasafirishwa kwa meli hadi kwao. Tukafikiri: je, sisi hatuwezi kwenda Afrika Kusini, tukachukua gari letu, tukarudi nalo taratibu kwa barabara na kuona Maporomoko ya Victoria? Tunafikiria mwezi Juni. Tuanzie wapi, na je, tutaokoa fedha?"

Shikamoo Mwalimu, na mama naye shikamoo.

Inawezekana, tena kwa muda mlio nao ninyi ndio watu hasa wa safari hii. Naishi Tunduma, mpakani na Zambia, kazi yangu ni kutoa magari na mizigo forodhani, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Wanaofika hapa na gari jipya walilokwenda kulichukua wenyewe si wengi, ila akifika mmoja namjua kabla hajafungua mdomo: vumbi la Botswana limejaa kwenye milango, na kila akizungumza shingo inageuka kulitazama gari. Mimi mwenyewe nimeifanya safari hiyo mara mbili, mara ya pili nikiwa na mke wangu.

Alichowaambia kijana ni kweli. Volvo kwa miaka mingi imewakabidhi wateja wa Marekani magari yao kule Göteborg, Sweden. BMW nayo ilikuwa na utaratibu wa aina hiyo München, mpaka ilipoufunga kwa Wamarekani mwaka 2020. Mnunuzi humlipa muuzaji wa mtaani kwake. Gari hutengenezwa kwa masharti ya nchi yake, kampuni humpatia namba za muda na bima, naye akishamaliza kutembea huliacha mahali walipokubaliana na kupanda ndege. Gari linamfuata kwa meli. Kazi yote ya karatasi imefanywa na mtu mwingine, na hapo ndipo penye tofauti kubwa na sisi. Kwetu hakuna kampuni inayokushika mkono hivyo kutoka Durban hadi Tukuyu. Kazi ile itabidi muifanye ninyi na wakala wenu.

Lakini tuna neema ambayo Mmarekani hana. Hilux ya Afrika Kusini inaundwa Prospecton, kusini kidogo ya jiji la Durban, kiwanda kilekile kilichofurika maji mwezi Aprili 2022 kikasimama kwa miezi. Usukani wake uko kulia, na njia nzima kutoka pale hadi nyumbani kwenu, Afrika Kusini, Botswana, Zambia na Tanzania, watu wanaendesha kushoto. Hakuna bahari katikati. Leseni yenu ya Tanzania inakubalika nchi za SADC. Viza hamhitaji kwa nchi hizo tatu kwa matembezi ya muda mfupi. Afrika Kusini huwapa Watanzania hadi siku 90 kwa mwaka. Barabara ni lami tangu geti la muuzaji hadi mlangoni pa soko la Tukuyu.

Kuhusu kuokoa fedha nitasema wazi, maana akiba ya mstaafu si ya kuchezewa. Msiende kwa sababu hiyo. Mtarudishiwa VAT ya Afrika Kusini, asilimia 15, ila mkifika hapa mtalipa VAT yetu ya asilimia 18, na hiyo hupigwa juu ya thamani ya gari ikiwa imeshajumlishwa ushuru, usafiri na bima. Ongezeni nauli ya kwenda, mafuta, malazi, ada za mipaka mitatu na ujira wa mawakala. Kinachoweza kubadili hesabu ni cheti cha asili cha SADC, yaani karatasi inayothibitisha kwamba bidhaa imetengenezwa ndani ya jumuiya. Kabla hamjatuma hata senti, mwombeni wakala wenu awakokotolee ushuru wa modeli hiyohiyo kwa njia mbili, ikiwa na cheti hicho na ikiwa haina, kisha mwambieni muuzaji kwa maandishi kwamba mnakitaka. Muuzaji asiyejua cheti hicho ni nini hajazoea kuuza nje, tafuteni mwingine. Halafu pelekeni hesabu hiyo kwa muuzaji wa magari mapya hapa nyumbani mkailinganishe na bei yake. Tofauti ikiwa ndogo, basi mnachokinunua ni safari, pamoja na gari ambalo mnajua kila kilomita yake tangu sifuri. Mimi naona kina thamani, ila amueni mkiwa mnakijua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Watu wakipanga safari hii huanza na ramani, hoteli na maporomoko. Mimi nawaomba muanze na swali moja: mbele ya forodha, gari lenu litakuwa mzigo, au litakuwa chombo cha msafiri? Kila kitu kingine kinafuata hapo, hata mahali pa kulala.

Likiwa mzigo, linatoka kwa muuzaji bila usajili wa kudumu. Linaandikiwa karatasi za transiti, yaani za kupita tu, kwenye kila nchi, na wakala anaweka dhamana kwamba litatoka upande wa pili. Ni njia inayojulikana sana, ndiyo wanayotumia madereva wetu wa IT, yaani wa magari ya transiti, wanaopeleka magari Zambia na Kongo kutoka bandari ya Dar es Salaam. Lakini mzigo una njia yake na siku zake. Mkikutwa kilomita thelathini nje ya barabara kuu mkioga kwenye chemchemi ya maji moto, ofisa ana haki ya kuuliza mzigo wa transiti unafanya nini huko, na dhamana ya wakala iko hatarini.

Likiwa chombo cha msafiri, linasajiliwa kwanza Afrika Kusini kwa jina lako Mwalimu, linapata kadi na plate namba, na linatembea kama gari la mgeni yeyote. Botswana iko kwenye umoja wa forodha mmoja na Afrika Kusini, kwa hiyo gari la namba za Kusini huingia huko kila siku. Zambia hutoa kibali cha muda cha kuingiza gari la mgeni. Mnakuwa huru kulala, kupinda na kukaa. Gharama yake ni muda: asiye na kitambulisho cha Afrika Kusini lazima kwanza apate namba ya rejista ya trafiki, na namba hiyo haitoki siku mnayoiomba. Gari likishasajiliwa, mtahitaji pia hati ya polisi ya kuonyesha kwamba si la wizi.

Kwenu ninyi nashauri njia ya pili, kwa sharti kwamba muuzaji anaanza kazi ya usajili mapema na mnajiwekea siku za kutosha Durban kabla ya makabidhiano. Wakishindwa, msiwakubalie wawape gari na kibali cha karatasi cha siku 21 kilichobandikwa kwenye kioo huku wakiwaambia "kitawafikisha". Kibali hicho huhesabiwa tangu siku kilipotolewa, na mnaweza kufika mpaka wa tatu mkiwa na karatasi ambayo ofisa hajawahi kuiona. Hapo heri mkubali gari liwe mzigo, mtembee Durban kwanza bila gari, kisha mje nalo moja kwa moja, mkilala Livingstone, ambayo iko juu ya njia yenyewe. Maporomoko mtayaona hata hivyo. Chemchemi mtaisamehe.

VAT nayo ina njia mbili. Muuzaji akilisafirisha gari mwenyewe hadi nje ya nchi, anaweza kuwauzia bila kodi hiyo. Mkilichukua ninyi, kwa kawaida mnalipa asilimia 15 kwanza, kisha mnaidai mkishatoka. Gari lazima litoke Afrika Kusini ndani ya siku 90 tangu tarehe ya ankara, na ankara halisi ya kodi igongwe muhuri na forodha ya Kusini pale mpakani. Nasisitiza ankara halisi. Nakala haitoshi, na ukishavuka mto Limpopo bila muhuri, kurudi kuutafuta ni siku nzima. Hela hiyo hairudi siku hiyohiyo, kwa hiyo msiihesabu kama nauli ya kurudi nyumbani.

Malipo yapitisheni benki, na hati ya kutuma fedha muitunze pamoja na ankara. TRA wataitaka, kwa sababu thamani ya gari jipya inathibitishwa kwa karatasi hizo mbili kusomana.

Kuhusu karatasi kusomana, acheni niwaeleze lililonipata safari yangu ya kwanza. Nilichukua gari kwa muuzaji mmoja wa huko, nikasaini, nikapiga picha, nikaondoka na furaha yangu. Mpakani ofisa akainama, akasoma namba ya chesisi kwenye chuma, akasoma kwenye ankara, akanirudishia vyote. Mwandishi wa ankara alikuwa ameandika 3 mahali pa 8. Nililala usiku mbili kwenye chumba kisicho na neti nikisubiri ankara mpya, mimi ambaye kazi yangu ni kuwaambia wengine wasome chesisi. Tangu siku hiyo nasoma kwa kidole, tarakimu moja moja, na mtu mwingine akinifuata kwenye karatasi. Namba hiyo ina vibambo 17. Haitumii kamwe herufi I, O wala Q, kwa hiyo mkiona kitu kama O, ni sifuri. Toyota iliyotengenezwa Afrika Kusini huanza na AHT. Mama asome kwenye gari, wewe ushike karatasi, na mfanye hivyo kwa ankara, kadi, hati ya polisi na cheti cha asili, kabla ya kusaini kwamba mmepokea. Ni dakika kumi.

Siku hiyo ya makabidhiano msiifanye ya mwisho wa wiki. Chukueni gari Jumatatu au Jumanne asubuhi, ili kosa likionekana ofisi ziwe wazi. Kagueni gurudumu la akiba, jeki, funguo mbili, kitabu cha gari, na muombe pembetatu mbili za kuakisi mwanga, kizima moto na stika za kuakisi, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Trafiki wa nchi zinazofuata watavitafuta hivyo kabla ya kitu kingine. Bima msiikwepe. Kadi ya njano ya COMESA itawafaa Zambia na Tanzania, ila ni bima ndogo, inamlipa mtu mliyemgonga, wala haifanyi kazi Afrika Kusini na Botswana. Gari jipya linahitaji bima kubwa ya safari nzima, yenye nchi zote nne zimeandikwa kwa majina.

Kama mna siku za kusubiri Durban, mtapata kitu cha kwenu huko. Kuna jamii ya Waislamu wa jiji hilo ambao mpaka leo wanaitwa Wazanzibari. Wengi wao asili yao ni Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji; mababu zao walikuwa watumwa waliookolewa baharini na manowari za Waingereza na kushushwa Durban kuanzia mwaka 1873. Waliishi King's Rest, kwenye kilima cha Bluff kando ya bandari, hadi serikali ya ubaguzi wa rangi ilipowahamishia Chatsworth miaka ya 1960. Mimi nilikwenda Chatsworth kununua chakula tu, nikajikuta nimekaa na mzee mmoja hadi magharibi tukilinganisha maneno.

Barabarani sasa. Kutoka Durban hadi Mbeya ni kama kilomita 3,450 kwa njia ninayoipenda, na kwa watu wasio na haraka ni siku kumi na mbili hadi kumi na nne. Kilomita elfu moja za kwanza si za kukimbia. Kitabu cha Toyota kinataka msifunge breki za ghafla kilomita 300 za mwanzo, msivute tela kabla ya kilomita 800, na hadi ifike 1,000 msikanyage mafuta kwa nguvu wala msishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu. Hilo la mwisho ndilo watu hawalijui. Barabara ya N3 kutoka Durban inapanda Van Reenen kuelekea Johannesburg, nyororo kabisa, na mkono unavutika kuweka mwendo wa kujiendesha (cruise control) kwenye 120 na kupumzika. Msifanye hivyo. Pandeni 80, nendeni 100, shukeni 90, injini ipate mazoezi ya kila namna. Laleni Harrismith au njiani popote, msivuke Johannesburg jioni. Na hapo Johannesburg, kama kila pengine, msiliache gari la namba mpya barabarani usiku. Chagueni malazi yenye geti na mlinzi hata kama chumba ni cha kawaida.

Kutoka Johannesburg mna njia mbili. Ya Beitbridge, Harare na Chirundu ni fupi kwa kilomita kama 150 hadi Lusaka, na ndiyo njia ya malori. Mimi nawapeleka Botswana: mnaiacha N1 pale Mokopane, mnafuata N11 hadi Groblersbrug, mnavuka Limpopo. Hapo ndipo muhuri wa ankara unapogongwa, msisahau. Upande wa pili panaitwa Martin's Drift. Waelezeni mapema maofisa wa Botswana kwamba gari linapita kwenda Tanzania, kwa sababu gari jipya kutoka Kusini likionekana linaletwa kubaki litaulizwa VAT ya Botswana. Nyama mbichi na maziwa msibebe. Botswana ina uzio na mageti ya mifugo kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Mtashuka, mtakanyaga dawa kwa viatu, na nyama yenu itabaki pale.

Palapye, Francistown, Nata: barabara imenyooka na inalaza. Kinachowaamsha ni punda, ambao husimama katikati ya lami na hawaondoki kwa honi. Kuanzia Nata hadi Kazungula ni kilomita 300, na hapo kuna tembo. Hakuna uzio. Wanatoka kichakani kimyakimya na kuvuka, na tembo wa saa kumi na mbili jioni ana rangi ya lami. Jazeni mafuta Nata, ondokeni asubuhi, mfike Kasane mchana. Mwezi Juni jua la huko linazama mapema, karibu saa kumi na mbili kasoro, na sheria yangu kwa safari nzima ni moja: saa kumi na moja jioni gari liwe limeegeshwa. Lori bovu lisilo na taa limeua watu wengi katika njia hizi kuliko mnyama yeyote. Kasane pumzikeni usiku mbili. Alasiri pandeni boti kwenye mto Chobe muwaone tembo walewale wakinywa maji, safari hii mkiwa hamna wasiwasi wa bampa.

Kazungula panastahili mshuke mtazame. Zamani mlivushwa na pantoni, na malori yalikaa foleni kwa siku nyingi. Daraja lilifunguliwa tarehe 10 Mei 2021, lina urefu wa mita 923, na mtaona limepinda: lilipindishwa ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe, likiwaunganisha Botswana na Zambia peke yao. Maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Zambia mtalipia ushuru wa daraja na wa barabara, kodi ya kaboni, bima na ada ya halmashauri. Kila risiti itunzwe, kwa maana itaulizwa tena Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, siku ya kutoka. Vijana watakaowakimbilia wakisema ni mawakala, washukuruni na muende dirishani wenyewe, au kwa wakala mliyeandikiana naye kabla.

Livingstone iko kilomita 70 mbele. Maporomoko ya Victoria wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, moshi ungurumao, Mswahili hahitaji mkalimani kwa neno lile la kwanza. Upana wa maporomoko ni mita 1,708 na kina chake 108. Juni mmechagua vizuri. Aprili maji ni mengi mno, mvuke unafunika kila kitu na mnaloa bila kuona. Oktoba na Novemba upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu. Juni maji bado ni mengi na mvuke umepungua. Mama achukue koti la mvua na kitenge cha pili.

Baada ya Lusaka wengi huona safari imekwisha, wanakanyaga. Mimi naona ndiyo inaanza kuwa yetu. Kapiri Mposhi ndipo reli ya TAZARA inapoishia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, na kuanzia hapo reli na barabara zinakwenda pamoja kuelekea nyumbani, zikikutana na kuachana. Sehemu ya Serenje hadi Mpika nendeni polepole. Malori ya shaba yanaibomoa kila masika, na shimo moja la hapo linaweza kupinda rimu ya gari lenye wiki moja. Kama mmekuja kama wasafiri, si kama mzigo, baada ya Mpika pindeni kushoto kwenda Kapishya, kwenye chemchemi ya maji moto safi yenye mchanga chini na miwale pembeni. Jirani yake ni Shiwa Ng'andu, jumba la Mwingereza Stewart Gore-Browne alilojenga porini miaka ya 1920. Na karibu na Chinsali iko Lubwa, alikozaliwa Kenneth Kaunda mwaka 1924. Baba yake alikuwa mwalimu wa misheni na yeye mwenyewe alifundisha shule ileile kabla ya siasa. Nadhani wewe, Mwalimu, utataka kusimama pale.

Hapo Mpika mpigieni simu wakala wenu wa Tunduma. Kwa hakika alipaswa kuwa na nakala za karatasi zote tangu mlipokuwa Durban, lakini sasa mwambieni siku na saa ya kufika ili maombi yawe yameshaingizwa kwenye mfumo wa forodha na ushuru umeshajulikana. Cheti cha asili, ankara yenye muhuri, hati ya benki, kadi ya Afrika Kusini, hati ya polisi: viwe kwenye bahasha moja anayoishika mama, si chini ya kiti. Kutoka Mpika hadi Nakonde ni kama kilomita 380. Laleni Chinsali au Isoka, muingie Nakonde saa tatu asubuhi. Msipange kulala mpakani; malori hujaza barabara na hapana pa kuegesha gari jipya kwa amani. Na kumbukeni kwamba Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa tatu yao tayari ni saa nne yetu, na mchana wa ofisi umeshapungua.

Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja tangu 2019, mtamalizana na nchi zote mbili sehemu moja. Upande wa Zambia fungeni kile kibali cha muda, mhakikishe kimegongwa kwamba gari limetoka. Upande wetu mtu anaweza kuwaambia kwa nia njema, "ombeni kibali cha mgeni mpite, mtalipia baadaye." Kataeni. Kibali hicho ni cha asiyekuwa mkazi, ninyi ni wakazi, na gari linaweza kukamatwa Mbeya mjini likiwa na namba za Kusini na mwenyewe ni mtu wa Rungwe. Lipieni hapohapo, fedha ya ushuru iwe imeshatengwa benki kabla hamjapanda ndege ya kwenda.

Polisi wa Interpol watakagua chesisi tena. Mama asome kwa kidole, wewe ushike karatasi. Ukishalipia na usajili ukatoka, mtafunga plate za Tanzania, na zilizobaki ni kilomita 105 hadi Mbeya, kisha Uyole mnapinda kulia. Kabla hamjapakia gunia la kwanza la viazi, lipitisheni gereji mkague nati za magurudumu na mpangilio wa matairi, kwa sababu ya yale mashimo ya Serenje. Sevisi yake ya kwanza huko lilikotoka imeandikwa kilomita 10,000. Kwa vumbi na milima ya Rungwe, mimi langu nilibadilisha oili kwenye 5,000.